Sura ya Tano: Hogu ya Watu Wengi

Katika klabu nyingi za taekwondo hapa Kampala, hogu, ile kinga ya kiwiliwili, ni mali ya klabu. Wanafunzi ni wengi, hogu ni chache, na jozi ya kwanza ikimaliza raundi yake, jozi ya pili inapokea hogu zile zile zikiwa bado na joto la waliozivua. Kofia za kinga nazo hupita kichwa hadi kichwa. Vitabu vingi vya mchezo huu vimeandikwa kwa mtu mwenye begi lake, vifaa vyake na gari la kuvibebea. Sura hii ni ya yule anayevaa alichokivua mwenzake dakika moja iliyopita, na ya yule anayekabidhiwa ufunguo wa kabati mazoezi yakiisha.

Kwanza tuelewane vifaa hivi vinafanya kazi gani. Kila mtu anajua kwamba kinga humlinda anayepigwa. Kuna kazi ya pili isiyotajwa sana: kinga humpa anayepiga ruhusa ya kupiga kweli. Wanafunzi wawili wasio na hogu wakipigiana dollyo chagi, lile teke la mzunguko linalotua kwa mgongo wa mguu, kila mmoja hulikata teke lake kabla halijafika ubavuni mwa mwenzake. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mwili hushika unachokirudia, na mguu uliozoea kukata teke mazoezini utalikata hata siku ya mashindano.

Na siku hiyo mguu uliokata teke haupati kitu. Tangu Olimpiki ya London mwaka 2012, mateke ya kiwiliwili kwenye Olimpiki huhesabiwa na hogu ya kielektroniki. Soksi ya mchezaji huwa na vitambuzi, hogu huhisi mguso na kupima nguvu, na kiwango cha chini hupangwa kulingana na uzito wa wachezaji. Teke lililotua vizuri lakini halina uzito wa kutosha halionekani ubaoni. Kwa kanuni zilizotumika Tokyo na Paris, teke la kawaida la kiwiliwili lilikuwa pointi 2, la kichwani 3, la kiwiliwili kwa kugeuka 4, la kichwani kwa kugeuka 5, na ngumi ya kifuani pointi 1 tu. Mtambo wenyewe ni ghali, na wengi wetu tunajifunza kwa hogu ya kawaida isiyo na waya wala betri. Hilo si tatizo, mradi hogu yenyewe iwe nzima. Zamani waamuzi waliamua kwa macho na masikio, na sikio bado ni kipimo kizuri mazoezini: sponji nzima ikipigwa hutoa mlio mkavu, mfupi, sponji iliyochoka hutoa mlio mzito unaodidimia, na aliyeivaa hukunja uso.

Hogu za mwanzo kule Korea zilitengenezwa kwa vipande vya mianzi. Sponji ilikuja baadaye, na kwa upande wa mikono, miguu na kichwa sifa kubwa inamwendea Jhoon Rhee, mwalimu wa Kikorea aliyeishi Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alibuni kinga za povu ili wanafunzi wake waweze kupigana bila kuvunjana mifupa. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Seoul mwezi Mei 1973, mchezo ukaonyeshwa kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na ukawa mchezo kamili wa Olimpiki Sydney mwaka 2000.

Kuna jambo la historia ambalo mnunuzi wa Kampala analihitaji kuliko tarehe hizo. Taekwondo ina matawi mawili. Moja ni la shirikisho la ITF, lililoanzishwa mwaka 1966 na Jenerali Choi Hong Hi na ambalo baadaye lilisogea karibu na Korea Kaskazini. Jingine ni la World Taekwondo, lenye makao Korea Kusini, ndilo la Olimpiki. Uganda imewajua Wakorea wa pande zote mbili. Kwa miaka mingi wakufunzi kutoka Korea Kaskazini waliwafundisha polisi wa nchi hii, mpaka Mei 2016, Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alipozuru Kampala na serikali ikatangaza kukatiza ushirikiano huo wa kijeshi na kipolisi. Vifaa vya matawi hayo mawili havifanani. Wa ITF huvaa glovu za povu na viatu vya povu, wala hawavai hogu. Wa World Taekwondo huvaa hogu, na mguu wao unafunikwa kidogo tu. Ukichakura kwenye marundo ya mitumba ya soko la Owino unaweza kukutana na vyote, vikiwa vimechanganyika na glovu za ndondi na kinga za ugoko za mpira wa miguu. Muulize kocha wako kabla hujatoa pesa. Hizo za mpira wa miguu ziache pale pale: plastiki yake ngumu inalinda ugoko wako na kuupasua wa mwenzako.

Ukiwa na pesa kidogo, nunua kwa utaratibu huu. Kwanza kinga ya meno, kwa sababu haiazimwi kamwe. Ya pili ni kinga ya kinena, ambayo haiazimwi vilevile, na wasichana wanaihitaji kama wavulana. Wazazi wengi hawalijui hili na binti hupelekwa uwanjani bila hiyo. Kisha kinga za ugoko, zile zinazoshuka mpaka kufunika mgongo wa mguu. Za mikono zifuate. Hogu na kofia ni kubwa, ni ghali, na mtoto anayekua atazipita upesi, kwa hiyo hizo iachie klabu. Nimeona wazazi wakianza na hogu mpya inayong'aa huku mtoto akipigana bila kitu mdomoni, na meno ya mtu mzima hayaoti mara ya pili.

Kinga ya meno ya kawaida huchemshwa ikalainika, hupozwa sekunde chache, kisha hung'atwa ili ichukue umbo la meno ya mwenye nayo. Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti na uufuate. Ikizidi motoni hupoteza umbo, isipolainika vizuri haishiki, na isiyoshika huishia mkononi au kwenye mkunjo wa soksi. Chagua nyeupe au isiyo na rangi, maana rangi ya damu haitakiwi kufichwa na kinga nyekundu. Baada ya mazoezi ioshe kwa maji baridi na sabuni, iswaki kama unavyoswaki meno, iweke kwenye kijisanduku chenye matundu. Ukiitupa begini ikiwa na mate, kesho utarudisha mdomoni kila kilichoota humo usiku kucha.

Kuvaa kuna mpango wake. Kinga ya kinena, za ugoko na za mikono hukaa ndani ya dobok, yaani vazi la taekwondo. Hogu hukaa juu ya dobok. Kofia, glovu na kinga ya meno hufuata. Na hogu hufungwa na mtu mwingine, kwa sababu kamba ziko mgongoni. Hapa kocha asiwe na haraka, maana vifundo vibovu huonekana hapa kuliko mahali pengine popote. Msichana wa miaka kumi amesimama, mikono ameinua kidogo, mwenzake yuko nyuma yake anavuta kamba.

"Kocha, hii imenibana."

"Imekubana wapi, mwanangu? Vuta pumzi tuone."

Anavuta pumzi, kifua kinapanda mpaka hogu inamzuia. Kamba zinalegezwa kidogo, zinapishanishwa upya kwenye mgongo, zinafungwa kitanzi bapa katikati, na ncha zinachomekwa ndani zisining'inie zikanasa kidole cha mguu. Kisha anaambiwa ainue goti mpaka usawa wa kifua. Ukingo wa chini wa hogu ukimsukuma paja, ni kubwa mno kwake. Akiinua mikono na hogu ikapanda mpaka kidevuni, ni kubwa au imelegea. Hogu sahihi inafunika mbavu zote na tumbo, inakaa karibu na mwili, na mtoto anasahau kwamba ameivaa. Ikiwa kabati lina za watu wazima tu, mtoto huyo leo apige pedi. Hogu inayoelea hufungua ubavu wakati ule ule anapogeuka, na chini ya mbavu kuna ini upande mmoja na wengu upande wa pili.

Umuhimu wa hogu unaonekana vizuri kwa wachezaji wenye ulemavu wa mikono. Katika taekwondo ya Paralimpiki, iliyoanza Tokyo mwaka 2021, mateke ya kichwani hayaruhusiwi. Pointi zote zinatafutwa kwenye kiwiliwili. Mmoja wa waliopigana pale alikuwa Parfait Hakizimana, Mrundi aliyekuwa akiishi katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, mashariki mwa Rwanda, na akifundisha taekwondo humo humo kambini. Mkono wake wa kushoto uliumia kwa risasi alipokuwa mtoto. Kwa mchezaji asiyeweza kuziba kwa mikono miwili, hogu ndiyo inayobaki kati ya teke na mbavu. Kila ninapomwona kocha akipuuza kamba iliyolegea kwa sababu "ni mazoezi tu", namfikiria mchezaji wa namna hiyo.

Sasa kichwa, na hapa nitasema bila kupunguza. Kofia ya kinga huzuia michubuko, masikio kuchanika, na fuvu kugonga sakafu kwa nguvu yote mtu akianguka. Haizuii mtikisiko wa ubongo. Ubongo huumia kwa kuyumba ndani ya fuvu, na sponji iliyo nje haiwezi kuushika. Kampala ni mji wa ndondi. Huu ndio mji uliomlea bondia John Mugabi, aliyeleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na watu wengi wamekua wakiamini kwamba mwenye kofia hapigwi akalewa. Ndondi zenyewe ziliwavua wanaume kofia kwenye mashindano makubwa ya ridhaa kuanzia mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walipigana vichwa wazi, kwa sehemu kutokana na mjadala huo huo wa kofia inakinga nini na haikingi nini. Taekwondo imebaki na kofia, na ninaona ni sawa, kwa kuwa kisigino kinachotua usoni kina uzito wa mguu mzima. Lakini kofia isimpe mtu ujasiri wa kurusha teke la kichwa kwa nguvu zote mazoezini. Kiwiliwili kipigwe kweli, kichwa kiguswe. Na aliyepigwa kichwani akaonekana kuduwaa, akalalamika kichwa kinauma, akataka kutapika au akasahau alama ya pambano, amalize siku yake hapo hapo. Asirudi ulingoni siku hiyo hata akiapa kwamba yuko sawa, na amwone daktari.

Mguu wa anayepiga nao huumia, tena mara nyingi kuliko mbavu za anayepigwa. Kinachouumiza ni kiwiko. Mwanafunzi anayepokea teke akishtuka hushusha mkono, kiwiko kinatokeza mbele ya hogu, na mgongo wa mguu unaokuja kwa kasi unakutana na ncha ya mfupa. Vile vifupa virefu vya mguu ni vyembamba, huvimba na wakati mwingine huvunjika. Kwa hiyo anayevaa hogu kwenye zoezi la mateke afundishwe kazi yake kama anayepiga anavyofundishwa yake: mikono juu mbali na mbavu, au imebanwa kabisa mbele ya kifua, tumbo limekazwa, pumzi inatolewa teke likitua, hatua moja nyuma. Asisimame kama nguzo. Nguvu isiyopata pa kwenda huingia mwilini.

Ngazi ya mazoezi ninayoipenda huanza na pedi ya mkono, ambapo mguu unatafuta shabaha na kasi. Kisha ngao kubwa ya mateke, ambapo mwili unatia uzito. Kisha hogu juu ya mtu, ambapo kuna umbali, woga na mtu anayesogea. Mshika pedi asiishike mbele ya uso wake. Aulegeze mkono kidogo na kuikutanisha pedi na teke, maana mkono uliokakamaa huumia bega. Anayerusha yop chagi, teke la ubavu, au dwi chagi, teke la nyuma, apewe ngao. Mateke hayo yanasukuma kwa kisigino na nyonga nzima, na pedi ya mkono haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ngao inaweza kushonwa hapa hapa mjini. Mafundi wa kushona viti na mabegi wanaiweza, na sponji ya godoro inapatikana kila mtaa. Kosa la kawaida ni kutumia sponji laini peke yake. Laini hubonyea mpaka mwisho, na teke linalofuata linakuta mkono wa mshikaji. Weka tabaka gumu upande wa teke, sponji ya aina ya soli za kandambili au mkeka mzito wa mazoezi, kisha laini nyuma yake. Tabaka gumu hutawanya pigo, laini hulimeza. Ngao ya namna hiyo inatosha kabisa. Kofia ya kichwa usiishone mwenyewe, hata kama fundi ni hodari.

Kinachoua vifaa katika mji huu, zaidi ya mateke, ni unyevu. Tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na ziwa liko jirani. Hogu iliyoloa jasho ikafungiwa kwenye mfuko wa nailoni, ikapanda bodaboda, ikafika nyumbani ikiwa haijafunguliwa, siku ya tatu ina madoa meusi ya ukungu kwenye mishono. Harufu mbaya ni taarifa ya mapema: bakteria wameshakaa. Kwenye kofia za pamoja huja mapunye kichwani, kwenye kinga za mikono huja choa, na kidonda kidogo cha mmoja huwa majipu ya wengine. Mwanafunzi mwenye ugonjwa wa ngozi asiaibishwe mbele ya wenzake. Aitwe pembeni, atibiwe, na asivae vifaa vya pamoja mpaka apone.

Usafi wenyewe hauhitaji dawa ya bei. Kila baada ya mazoezi, kitambaa chenye maji na sabuni laini kipite ndani na nje, hasa ndani, kwenye kola, makwapa na paji la kofia; kisha kitambaa cha maji matupu; kisha kikavu. Kati ya jozi na jozi, angalau ndani ya kofia pafutwe. Harufu ikikaidi, siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa huiondoa. Ifute na uache ikauke. Jiki hapana, kwa maana hukausha ngozi ya bandia mpaka ikapasuka, na kwenye ule mpasuko uchafu hupata makao. Na mtu asije akachanganya jiki na siki akidhani atasafisha mara mbili, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Spiriti vilevile, ikitumiwa kila siku, hukausha. Hogu haizamishwi kwenye beseni wala haiingii mashine ya kufulia. Sponji ikinywa maji haikauki katikati. Kinga za kitambaa na soksi ndizo za kufuliwa, velkro zikiwa zimefungwa zisikusanye nyuzi.

Kukausha ndiko kunakokosewa zaidi. Jua la Kampala linavutia, na mtu huona ni kuua vijidudu. Dakika chache za jua si neno, lakini mchana mzima juu ya bati hufifisha rangi, hukakamaza ngozi na kuifanya sponji kuwa chengachenga. Buti ya gari lililoegeshwa ni mbaya zaidi. Tundika kivulini penye upepo, barazani, mgongo wazi, kamba zimefunguliwa. Glovu na kofia zijazwe gazeti kuukuu, libadilishwe likiloa. Msimu wa mvua, kabati la klabu liwe na matundu au mlango uachwe wazi usiku kama ulinzi unaruhusu. Hogu zisirundikwe, kwani za chini hubonyea zikabaki hivyo.

Nani afanye yote haya? Wote, kwa zamu iliyoandikwa ukutani, mkanda mweusi akiwemo. Klabu inayowaachia watoto wa mkanda mweupe kazi ya kufuta jasho la wakubwa hupoteza vifaa haraka, kwa sababu mtoto hajui aangalie nini. Mkubwa anayefuta hogu kwa mkono wake hugundua mshono unaofumuka wiki mbili kabla haujafumuka.

Mshono, kamba na velkro hutengenezeka. Fundi viatu mwenye sindano nene na uzi wa nailoni atamaliza kazi hiyo ukiwa umesimama. Mwonyeshe tu kwamba fundo likae nje, lisimchome mvaaji. Kamba zikikatika tafuta za pamba pana. Kamba nyembamba za viatu hukata mgongo. Sponji ndiyo haitengenezeki. Ipime kila mwanzo wa muhula: bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu, juu ya ubavu ambako mateke hutua zaidi, kisha achia. Ikirudi mara moja, bado ina kazi. Ikiacha shimo, au ukihisi kidole cha mkono wa pili kupitia upande mwingine, haina tena. Kagua kofia vivyo hivyo penye kisogo na pembeni, na uitupe ikiwa na ufa unaofika kwenye povu.

Hogu iliyokufa haifai kupewa wanaoanza kwa kisingizio kwamba wao wanapiga polepole. Wanaoanza ndio wanaokosea shabaha, na ndio wasiojua kukaza tumbo. Toa sponji yake uifunge kwenye nguzo au uiongeze ndani ya gunia la mateke. Kamba zake zikatwe siku hiyo hiyo, ili mtoto anayefika mapema kabla ya kocha asiivae.